Nataka kujifunza kurudisha uhai wa udongo kwenye shamba la mtu anayelima kweli. Nianzie wapi?

Kijana wa Mlali

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Nina ekari 6 upande wa Mlali, wilaya ya Kongwa. Ni shamba la marehemu baba, mwaka huu familia imenikabidhi. Tumezoea kukodi trekta kila Novemba, plau ya sahani inapita, tunapanda mahindi na alizeti, na kipande cha mtama. Udongo ni mwekundu. Mvua kubwa ikinyesha maji yanapita juu kwa juu, siku mbili baadaye kunakuwa na ganda gumu, mbegu zinashindwa kutoboa. Upande wa chini kuna korongo ambalo kila msimu linasogea. Msimu huu mvua za kwanza zilikuja vizuri, tukapanda, kisha zikakata katikati ya msimu na mahindi yakaungua. Kwenye mtama kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi, kimeshamiri.

Nimetazama video nyingi. Zote zinasema usilime, funika udongo, panda miti. Mimi nataka kuona kwa macho kwenye shamba la mtu ambaye asipovuna halili. Na nina maswali ambayo video hazijibu. Hela ni kidogo, nianze na kitu gani? Nitafunikaje udongo wakati ng'ombe wa kijiji kizima wanaingia kula mabua mara tu tunapovuna? Na yale machache yanayobaki, mchwa wanayamaliza. Naombeni mwenye uzoefu wa Dodoma hii hii yetu.

---

Mama wa Hogoro

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nimekusoma mpaka mwisho. Udongo unaousema ndio huu ninaoukanyaga mimi kila siku.

Kabla ya kuuliza uanze na nini, elewa kwanza shamba lako linafanywa nini. Plau ikipita kila mwaka kwa kina kilekile, chini yake panagandamana, panakuwa tabaka ambalo mzizi wa hindi haupenyi. Juu, udongo unabaki mtupu. Tone la mvua likianguka kwenye udongo mtupu linapasua madonge, unga wake unaziba vitundu, na jua likiwaka ndilo hilo ganda lako. Maji yakikosa pa kuingilia yanateremka, yanakutana na mengine, yanachimba korongo. Ukame uliounguza mahindi yako Januari ulianza Desemba, siku ile mvua ilipokuwepo na shamba halikuipokea.

Piga hesabu uone ukubwa wa jambo lenyewe. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na ekari ni kama mita za mraba 4,000. Mvua moja ya milimita 20 inashusha lita 80,000 kwenye ekari moja. Kwako ekari 6 ni lita 480,000, kwa mvua moja tu. Nusu yake ikiishia korongoni, hakuna pampu utakayoweza kununua ya kuyarudisha. Dodoma tunapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote kati ya Novemba na Aprili, tena kwa mvua chache zenye nguvu. Ni kidogo, lakini kwa mtama na uwele zinatosha zikiingia ardhini.

Na sisi watu wa Kongwa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa Mpango wa Karanga, na mitambo mikubwa, mingine imetengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Wakang'oa pori, wakageuza udongo. Kiangazi kilipofika udongo ukawa mgumu kiasi cha karanga kushindikana kuchimbuliwa, mvua nazo hazikuja kama walivyopanga. Mwaka 1951 wakaacha, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Ninasikitika nikiona bado tunafuata njia ileile, tena kwa trekta ya kukodi.

Sasa la kuanza nalo. Mwanangu, anza na maji. Mbegu, miti, mboji, vyote vinakuja baada ya maji. Mvua ya kwanza ikianza usikimbilie ndani. Vaa mabuti, beba vijiti, uzunguke shamba lote. Chomeka kijiti kila mahali maji yanapoingilia kutoka kwa jirani wa juu, kila yanapoanza kukusanyika, na kila yanapotokea. Mvua ikiisha una ramani ambayo hakuna mtaalamu angekuchorea vizuri zaidi.

Wakati ukingojea mvua, chimba mashimo ya Chololo. Jina ni la kijiji cha Chololo, hapahapa Dodoma, yalikoanzia. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30. Shimo hadi shimo ni sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90. Mistari ikatishe mteremko, isiufuate. Udongo unaotoa uweke upande wa chini wa shimo ili uwe kingo. Weka samadi iliyooza, viganja viwili vilivyojaa, rudisha udongo wa juu na uchanganye, lakini usijaze mpaka usawa wa ardhi. Acha kibonde, maji yakae humo. Mvua ikishuka mashimo yanajaa na kunywa polepole, na ukipita wiki mbili baada ya mvua kukata, chimba kidogo kwa kidole pembeni ya mche: utakuta unyevu wakati nje ya shimo ni vumbi. Kwangu mtama wa kwenye mashimo ndio unaobaki kijani mvua zinapokata.

Usianze na ekari 6. Kwa vipimo hivyo ekari moja inaingia mashimo kama 7,500. Anza na robo ekari, mashimo kama 1,900, mchimbe Agosti hadi Oktoba mkiwa kikundi cha kulimiana kwa zamu. Kazi ni nzito, nisikufiche. Ila mashimo yale yale utayatumia tena msimu unaofuata, unaongeza samadi tu.

Kuhusu mchwa, badili mtazamo. Kule Burkina Faso, eneo la Yatenga, marehemu Yacouba Sawadogo alifufua ardhi iliyokuwa kama sakafu kwa mashimo ya namna hii, wao wanayaita zai. Aliweka samadi na majani kwenye mashimo wakati wa kiangazi, kwa makusudi, ili mchwa waje. Mchwa wakija wanatoboa njia kwenda chini, na mvua inapofika maji yanapita kwenye njia hizo. Kwa hiyo mchwa wanaokula mabua yako wanakufanyia kazi ya plau bila malipo. Wanapoleta shida ni pale wanapokosa kitu kikavu wakageukia mahindi. Waachie mabua chini, mara nyingi watauacha mmea.

Kiduha nacho ni dalili ya udongo uliochoka. Ukikipalilia tu bila kurutubisha kitarudi. Kwenye kipande hicho changanya mtama na kunde, weka samadi, na uking'oe kabla hakijatoa maua, maana mche mmoja unatoa mbegu ndogondogo maelfu kwa maelfu na zinakaa ardhini miaka mingi. Kuna mbegu ya mtama iitwayo Hakika, ilitolewa kwa ajili ya kustahimili kiduha. Waulize TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo.

Miti usinunue kwanza. Tembea shambani utazame visiki. Nina hakika unavyo, kila mwaka mnavifyeka na vinachipua tena. Mizizi yake iko chini tayari, imeshapita kwenye tabaka lile gumu. Hii ndiyo kazi ya Kisiki Hai, ambayo mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit wanaifundisha katika vijiji vya Dodoma tangu 2018. Chanzo chake ni Niger, ambako Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aligundua mwaka 1983 kwamba vichaka alivyodhani ni magugu vilikuwa visiki vya miti. Chagua machipukizi matatu au manne yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine ondoa. Pogoa matawi ya chini, na panga ipite kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Funga kitambaa cha rangi kwenye shina, ili anayepita na mbuzi na anayetafuta kuni wajue huu una mwenyewe. Mti wa mita moja na nusu uliotoka kwenye kisiki haufi kwa ukame kama mche wa kwenye kiriba.

Sasa ng'ombe. Hili ndilo zito, ndiyo maana nimeliacha mwisho nilizungumze vizuri.

Desturi yetu ni kwamba shamba likishavunwa linakuwa la wote. Ng'ombe wa jirani wanakula mabua na wanaacha kinyesi. Usiivunje desturi hiyo kwa ugomvi, utabaki peke yako na mabua yako. Mimi nilikwenda kwa majirani wenye mifugo kabla ya mavuno, si baada. Makubaliano yetu ni kwamba mabua ya upande wa barabarani ni yao, nayakata mwenyewe na kuyarundika pembeni, wanakuja kuchukua au wanalisha pale. Wao wananipa samadi ya zizini. Upande wa ndani hawaingizi. Mabua ya huko nayalaza kwenye mistari katikati ya mashimo, na juu yake natandaza matawi ya mkungugu niliyopogoa, yenye miiba. Ng'ombe akigusa pua mara moja anaondoka. Mpakani nimepanda minyaa, na hapo ilipoziba sihitaji hata kukumbushana na mtu.

Lakini makubaliano ya majirani wawili watatu hayatoshi pale mifugo inapotoka kijiji kingine. Hapo lipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, halmashauri ya wilaya ikaipitisha, na ikishapita mwenyekiti ana pa kusimamia. Zungumza na wafugaji kabla ya mkutano, wawe wa kwanza kuunga mkono. Wakilisikia kwa mara ya kwanza pale mkutanoni wataona limetungwa dhidi yao.

Shamba langu karibu ulione. Mahindi nimepunguza, nayapanda kwenye kipande cha bondeni tu. Nina mtama, uwele, kunde, mbaazi, na alizeti ya kuuza.

---

Afisa ugani mstaafu

Mama amesema vizuri, naongeza mawili na moja napingana naye.

Mistari ya kukatisha mteremko usiipige kwa macho. Macho yanadanganya, na mstari ukiinama kidogo tu maji yote yatakimbilia upande mmoja na kuvunja kingo. Tengeneza fremu A. Fito mbili za mita mbili zifungwe juu, na moja ya katikati ziwe kama herufi A. Juu kabisa ning'iniza kamba yenye jiwe, ishuke kupita ufito wa katikati. Isimamishe mahali popote, weka alama kamba inapogusa. Kisha igeuze, mguu wa kulia ukae kwenye nyayo za mguu wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Tembea nayo shambani, kila kamba ikitulia kwenye usawa chomeka kijiti kwenye nyayo. Hauhitaji fundi wala pima maji ya dukani.

La pili ni korongo. Usianze kuliziba huko chini. Ukitupa mawe korongoni na maji ya juu yanakuja kwa nguvu ileile, yatapita pembeni na kulipanua. Anza juu kabisa ya shamba kwa tuta la fanya juu: chimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60 kwenye mstari wa usawa, udongo utupe upande wa juu, na hapo juu ya tuta panda majani mara moja kabla mvua haijalivunja. Kwa ukame wetu majani ya tembo yatakusumbua. Nenda kituo cha utafiti wa mifugo, TALIRI Kongwa, uwaulize mbegu ya Cenchrus, ni nyasi inayostahimili na ng'ombe wanaipenda. Maji ya juu yakishapungua ndipo uweke vizuizi vya mawe korongoni, vifupi na vingi, katikati viwe chini kuliko pembeni.

Ninapopingana na mama ni kwenye mashimo kwa shamba la ekari 6. Robo ekari sawa. Nusu ekari sawa. Zaidi ya hapo mgongo hautakubali, na kijana atakata tamaa arudi kwenye trekta. Kwa eneo kubwa tumia maksai na jembe la kuchana la Magoye. Linachana mstari mmoja wa kupandia, linavunja tabaka gumu, na udongo wa katikati unabaki haujaguswa na mabua yake. Jozi ya maksai inafanya ekari kwa muda ambao kikundi kizima kingechimba kona moja. Kuchana ufanye wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Mkingoja uloe, jembe linateleza na tabaka halivunjiki.

---

Mama wa Hogoro

Bwana shamba, hapo nakubali kwa mwenye maksai. Kwetu wajane na vijana wengi hawana hata ndama, na wenye maksai wanawakodisha baada ya kumaliza mashamba yao, mvua ikiwa imeshaanza. Mashimo unaanza Agosti bila kumwomba mtu. Kijana akipata maksai mapema, achane ekari 2 na achimbe robo, aone mwenyewe.

---

Mfugaji wa Kibaigwa

Naomba na sisi tusikike. Kwenye mada hizi mfugaji hutajwa kama nzige.

Kwa asili nimetokea Shinyanga. Kule wazee walikuwa na ngitili: eneo unalifunga mvua zikianza, nyasi zinakua bila kuguswa, unalifungua kiangazi kikali wakati kwingine hakuna kitu. Utaratibu huo ulikaribia kupotea, mkoa ukawa karibu jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na badala ya kuleta kitu kigeni wakawarudisha watu kwenye ngitili. Kutoka hekta kama 600 zilizokuwa zinajulikana, hadi mradi unaisha mwaka 2004 zilikuwa zimefika zaidi ya 300,000. Ngitili nyingine za mtu binafsi, nyingine za kijiji. Miti ilirudi yenyewe, kuni zikawa karibu, na ng'ombe wakavuka kiangazi.

Linganisha na hapa Dodoma. Mwaka 1979 mifugo yote ilihamishwa kwa amri kutoka milima ya Irangi, Kondoa, chini ya mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Ni kweli majani yalirudi. Lakini waulize wenyeji familia ziliishije bila maziwa, bila samadi, bila ng'ombe wa kuuza mtoto akiugua. Ardhi inaweza kupona mfugaji akiwa ndani. Kijana, kwenye ekari 6 tenga hata nusu ekari pale karibu na korongo uifanye ngitili. Korongo litapona kwa nyasi, na jirani yako atakuwa na sababu ya kukusikiliza ukimwambia asiingize ng'ombe kwingine, maana una majani ya kumpa Oktoba.

---

Kijana wa Mlali

Asanteni sana wakubwa wangu. Hili la ngitili karibu na korongo sikuwahi kulifikiria, na ndipo hasa mahali ambapo havuni mtu chochote. Mama, umenikaribisha. Naweza kuja lini, na nije na nini? Halafu mama mdogo anasema nisipolima na trekta mwaka huu tutalala njaa, naye ana haki kwa sababu anategemea shamba hilo. Nimwambieje?

---

Mama wa Hogoro

Usimwambie kitu, mpe ekari zake. Mama mdogo alime kama anavyojua, wewe chukua robo ekari ya mashimo, nusu ya ngitili, na kama umepata maksai ekari ya kuchana. Tena usichague sehemu nzuri ya shamba, wala usichague ile iliyokufa kabisa. Chagua ya katikati, iliyo jirani na yake, mpande mbegu ileile wiki ileile. Mvua ikikata yeye mwenyewe atapita pale asubuhi atazame. Mavuno yapimeni kwa debe lilelile mbele yake.

Kuja, njoo mara mbili. Septemba uje tuchimbe, ujue mkono unavyochoka na ujue namna ya kugawa kazi. Kisha uje Januari wakati wa palizi, mvua zikiwa zimekata. Watu wengi wanataka kuja Aprili mtama ukiwa na masuke, wapige picha. Aprili hakuna la kujifunza, kila kitu ni kijani. Januari ndiyo utaona ni mimea gani inajikunja saa nne asubuhi na ipi inangoja saa nane. Utalala kwetu, sichukui ada, utapalilia na sisi.

Uje na nini: jembe lako, na madonge matatu ya udongo mkavu, ukubwa wa yai. Moja toka katikati ya shamba linapolimwa na trekta, moja toka chini ya mti au kichaka ambacho hakijawahi kulimwa, moja toka pale korongoni. Usiyaponde. Tutayaweka kwenye glasi tatu za maji tusiyatikise. Utaona lipi linasambaratika papo hapo na kuchafua maji, na lipi linabaki limeshikana. Mimi nitaweka la kwangu la kwenye mashimo pembeni.

Na kuanzia leo samadi ianze kurundikwa. Ifunike kwa majani na uimwagie maji machache, isipigwe jua. Mbichi usiiweke shimoni, itaunguza mche na itakuletea magugu. Ukianza Julai hii, Oktoba itakuwa imeoza na haina harufu.